Tulikata kona ya Mombo: siku tisa Lushoto, Amani, Tanga na Pangani kwa gari letu

Miaka kumi na moja tumekua tukienda Moshi kila Desemba kwa wazazi wa mke wangu, na miaka yote hiyo milima ya Usambara nimeijua kwa dirisha la kulia tu. Ukishatoka Korogwe inaanza kukusindikiza, mawingu yamekaa juu, huku chini mkonge umepangwa mistari, alafu basi linaingia Mombo, watu wanashuka wanakula haraka haraka, honi inapigwa, safari inaendelea. Pale Mombo kuna barabara inakata kulia inapanda juu. Kila mwaka nikiiona namwambia mke wangu ipo siku tutakata hapa. Januari hii tumekata.

Kabla ya safari

Mimi nilianza kupanga kwa kilomita. Nikaweka kwenye simu Dar hadi Lushoto, Lushoto hadi Tanga, Tanga hadi Pangani, nikajumlisha nikaona siku tano zinatosha kabisa. Mke wangu akachukua daftari la binti yetu lenye kurasa zilizobaki akaniambia baba, kilomita sitini za lami na kilomita sitini za mlima sio kitu kimoja, tuandike masaa ya mwanga. Januari kunapambazuka saa kumi na mbili na nusu hivi na jua linazama saa moja kasoro. Akachora kila siku mstari mmoja: saa ya kuondoka, saa ya kufika, na sheria moja tu, kwamba saa kumi jioni gari liwe limepaki. Zile siku tano zangu zikawa tisa. Nilibisha kidogo kwa sababu ya likizo na hela za kulala, ila nilikubali, na nashukuru nilikubali.

Tukachagua Januari kwa sababu vuli inakua imekwisha na masika bado, barabara za udongo zinapitika. Na tukaanza na milima, pwani tukaiweka mwisho. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye anaendesha Fuso siku zote, ndiye alilishikilia hilo. Alisema shemeji, milima ipande gari likiwa zima na sisi tukiwa na nguvu, baharini hata ukifika umechoka unajilaza tu kwenye mchanga.

Gari ni Rav4 ya zamani, automatiki. Tulibadilisha oili, tukanunua tairi mbili za mbele, jeki tukaijaribu kweli kweli sio kuiangalia tu, na breki tukapeleka kwa fundi mmoja Dar akasema ameweka pedi mpya zote. Hilo la breki ntalirudia.

Siku ya 1: Dar, Bagamoyo, Msata, Lushoto

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri tukapita njia ya Bagamoyo ili tukwepe foleni ya Kibaha na Mlandizi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini tuko Bagamoyo tunakunywa chai na vitumbua vya moto. Tukaenda misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, pale ndipo mwili wa mmisionari Livingstone ulipumzishwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, baada ya watumishi wake kina Chuma na Susi kuubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Binti yetu ana miaka tisa, akauliza kwani walitembea siku ngapi, tukamwambia miezi, akakaa kimya muda mrefu anaangalia baharini.

Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami nzuri, na ukishaingia barabara kuu ya kaskazini kazi kubwa ni kuheshimu hamsini kwenye kila kijiji maana tochi za polisi za kupima mwendo zipo na matuta yapo. Segera saa tano na dakika arobaini na tano. Hapa njia zinagawanyika, kulia Tanga, ukinyoosha Korogwe na Moshi. Korogwe tulisimama kidogo kuangalia mto Pangani, maji ya udongo yanaenda taratibu, mke wangu akasema haya maji yametoka kwetu. Na ni kweli, mto Pangani chanzo chake ni Kilimanjaro na Meru.

Mombo saa saba. Tukakata kulia. Jamani. Ile barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu lakini inajipinda ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde na mto unaousikia kuliko unavyouona. Joto la Mombo linaisha ukiwa bado uko ndani ya gari, mara binti anaomba sweta. Soni tukashuka kuona maporomoko, na pale barabarani vijana wanauza pichesi na plamsi kwenye vikapu vidogo, wanazipanga zilizoiva juu kabisa na jani moja la kijani katikati. Tukanunua vikapu viwili, vikaisha kabla ya Lushoto.

Lushoto wakati wa Wajerumani iliitwa Wilhelmstal, iko juu kama mita 1,400 hivi, na usiku wa kwanza tulilala na blanketi mbili mbili. Januari! Dar wakati huo watu wanalala na feni.

Siku ya 2: Irente na Magamba

Irente ni kama kilomita sita kutoka mjini, tulienda kwa miguu kupitia mashambani, karoti, kabichi, hoho, migomba, hakuna kipande kilichoachwa bure hata kwenye mteremko mkali. Tulikutana na bibi mmoja amebeba majani ya ng'ombe, shemeji akamsalimia kwa Kisambaa alichofundishwa mapokezi asubuhi ile, onga mshi, bibi akatua mzigo kabisa chini ili aitikie vizuri, akatuuliza tumetoka wapi, tumeacha nani nyumbani, wazazi wazima? Ndo akabeba mzigo wake akaendelea.

Ukifika kwenye jabali la Irente ardhi inaisha. Chini kabisa unaona barabara ya Moshi, ile ile, na mabasi yanapita madogo kama punje za mchele, na mashamba ya mkonge ya Mazinde, na tambarare ya Wamasai inaenda hadi macho yanachoka. Nilikaa pale karibu saa nzima. Miaka kumi na moja nimepita pale chini nikiangalia juu.

Mchana tukaingia msitu wa Magamba na muongozaji wa hifadhi. Mbega weupe kwa weusi wanaruka juu, ukungu unaingia na kutoka. Muongozaji akatuhadithia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliwaulia Wasambaa nguruwe waliokua wanamaliza mazao, akawagawia nyama, alafu akaua na simba, wakampa ufalme na kizazi chake ndio Wakilindi, mji wao ni Vuga, sio mbali na Soni tulipopita. Alikua anasimulia kama mtu anayeongelea babu yake, na huenda ni kweli babu yake.

Siku ya 3: Mtae

Hapa ndipo kilomita zangu zingetuumiza. Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita sitini na kitu, mimi niliandika saa moja na nusu, daftari likasema saa tatu, na tulitumia saa tatu na nusu, maana kona hazina idadi na sehemu kubwa huwezi kuzidi thelathini. Ila sio muda uliopotea. Unapita misitu ya misonobari, unapita vijiji vilivyokaa kwenye migongo ya milima, watoto wanakimbia na gari.

Mtae yenyewe imejengwa juu ya ukingo, yaani nyumba zingine ukitoka mlango wa mbele unaona bonde moja na ukitoka wa nyuma unaona bonde lingine. Chini ni hifadhi ya Mkomazi na upande wa Kenya. Wenyeji wanasema siku ya anga safi Kilimanjaro inaonekana, siku yetu kulikua na vumbi la mbali hatukuiona, mke wangu alisimama pale muda mrefu anaitafuta. Tulikula wali maharage na mboga ya majani kwa mama mmoja, tukageuza saa nane kasoro kwa sababu ya ile sheria ya mwanga. Tulifika Lushoto saa kumi na moja na nusu, siku tuliyovunja saa kumi vibaya kuliko zote. Ukiweza lala Mtae, mimi ningerudia ningelala.

Siku ya 4: Kushuka, breki, kupanda Amani

Tulishuka Lushoto saa moja asubuhi mimi nikiendesha. Kabla ya kufika Soni nikaanza kusikia harufu ya kuungua, alafu pedali ya breki ikawa inaingia ndani zaidi kuliko kawaida. Shemeji akaniambia kwa sauti ya chini kabisa ili mtoto asishtuke, shemeji weka L, acha breki, acha injini ishike. Nikaweka L, ile gia ya chini kabisa, gari likanguruma likapunguza mwendo, tukasogea taratibu hadi palipo na nafasi pembeni, tukapaki, tukaweka jiwe tairi la nyuma, tukasubiri dakika arobaini zipoe. Hapo tena tukashuka kwa L mwanzo hadi mwisho.

Mombo tukampata fundi chini ya mwembe. Akafungua tairi la mbele kushoto akanionyesha: pedi imeisha hadi chuma, diski imechorwa mistari. Kulia mpya, kushoto ya zamani. Yule wa Dar aliweka upande mmoja akatuchaji pande mbili. Niliishika ile pedi mkononi, ilikua nyembamba kama kadi ya simu, nikamwangalia binti yangu amekaa kwenye gogo anakula chungwa, na nilikasirika hadi mikono ikatetemeka. Nasema hivi kwa yeyote anayepanga milima: usikubali kuambiwa, simama pale pale tairi zote zikifunguliwa uone kwa macho. Na mteremko wowote mrefu, gia uliyopandia ndiyo ushukie. Madereva wa Fuso za mboga wanaotoka Lushoto na tani za kabichi wanajua hilo, ndo maana wanashuka wakinguruma.

Fundi wa Mombo alitumia saa mbili na nusu, akaweka pedi na kusafisha diski, na alikataa nauli ya kijana aliyetumwa kwa bodaboda Korogwe kufuata pedi, akasema hiyo ni ya kwangu, wewe una mtoto safarini. Kwa kua tulikua tumeacha nafasi kwenye siku, hatukukimbizana na kitu. Segera, tukakata kwenda Muheza, machungwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya barabara, na toka hapo tukaanza kupanda upande wa mashariki wa Usambara kuelekea Amani. Saa kumi na dakika tano tuko geti la hifadhi, Zigi.

Siku ya 5: Amani

Kama ningeambiwa nichague siku moja ya kurudia ni hii. Lushoto watu wamelima kila mahali, Amani msitu bado umeshika mlima. Unaamka na ukungu, kila kitu kinadondosha maji, na sauti za ndege usiowaona. Wajerumani walianzisha hapa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo 1902, wakapanda miti toka pande zote za dunia, mikafuri, mikwinini, mingi imesimama hadi leo mikubwa ajabu. Ila muongozaji alituonyesha na ubaya wake: mhesi, mti ulioletwa, unakua haraka, ndege wanakula matunda yake na kusambaza mbegu, sasa umeingia ndani ya msitu wa asili na kuitoa miti ya asili. Hifadhi ya mazingira asilia ya Amani ilitangazwa 1997.

Karibu na kijito akatuinamisha kwenye jiwe lenye kuvu. Pale kuna mmea mdogo unatosha kwenye kiganja, majani ya mviringo yana vinyweleo vyeupe ukiyagusa ni kama sikio la mwanambuzi, na maua matano ya zambarau yenye kitone cha njano katikati. Mkuu wa wilaya ya Tanga wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukapewa jina lake, Saintpaulia, na leo unauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, mamilioni. Na kwao ni hapa, kwenye jiwe hili lenye kivuli. Ukifyeka miti ya juu jua likipiga jiwe siku chache, umekwisha. Binti yetu hakuugusa tena, alipiga magoti tu akachora kwenye daftari, na ile michoro yake sasa imekaa katikati ya mahesabu ya mafuta.

Jioni tulipita kwenye chai, wachumaji wanarudi na vikapu mgongoni. Hapa pia kuna wanakijiji walikua wakifuga vipepeo na kuuza pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo, nje ya nchi, hadi zuio la 2016 la kusafirisha wanyamapori hai. Mimi naona watu waliopata kipato kwa kuuacha msitu usimame walistahili kufikiriwa mapema zaidi.

Siku ya 6: Tanga

Tanga ni karibu kutoka Amani, na hata maji yake yanatoka huku, mto Zigi unakingwa bwawa la Mabayani ndio mji unakunywa. Tukapitia mapango ya Amboni, kama kilomita nane kaskazini ya mji. Chukua tochi yako mwenyewe, simu haitoshi. Ndani kuna popo, kuna sehemu unapita kwa kujikunja, na kuna sehemu watu wanakuja kuomba, wameacha vitambaa na chupa za marashi. Tulipita pale kwa adabu bila kupiga picha.

Mji wa Tanga mimi umenituliza. Baiskeli nyingi, miti ya kivuli, Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya nane, ya kumi na mbili, huwezi kupotea. Wenyewe wanasema waja leo waondoka leo. Usiku tulikula mkate wa ajemi na samaki wa kupaka, nikamwambia mke wangu reli ya Moshi ilianzia hapa hapa, Wajerumani walianza kuijenga 1893, akanijibu kwahiyo kwetu na hapa ni njia moja toka zamani.

Siku ya 7: Machui, Tongoni, Pangani

Barabara ya kwenda Pangani inapita karibu na Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Nilisoma mashairi yake shuleni, nikayasahau, nikayakumbuka tena ukubwani nilipofiwa na baba. Tulisimamisha gari tu, mke wangu akanyamaza na mimi nikanyamaza, shemeji akazima redio.

Tongoni mbele kidogo, msikiti wa kale uliobomoka na makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo, mibuyu na bahari kwa nyuma. Kwenye nguzo ya kaburi moja kuna vishimo vya duara ambamo zamani zilibandikwa bakuli za kauri. Weka kidole pale utahisi ukingo laini wa aliyechonga. Hatukuwakuta watu wengine kabisa.

Pangani mchana. Mji mdogo, majengo ya zamani yanamomonyoka na chumvi, na historia nzito, hapa Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim Desemba 1889 baada ya vita vya pwani. Kivukoni tukasubiri zamu, daraja kubwa lilikua bado linajengwa. Na ule mto sasa ni mpana, wa kijivu, minazi ng'ambo ya pili. Mke wangu alishuka kwenye gari tukiwa katikati akainama akaangalia maji hadi tukagusa Bweni. Sikumuuliza kitu.

Ng'ambo kuna Kikogwe, mkonge wa kwanza nchi hii ulipandwa hapo. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida kupitia Hamburg, ikafika hai 62 tu, mwaka 1893. Yale mashamba yote niliyoyaona toka Korogwe hadi Mazinde, na nyimbo na makabila yaliyokuja kuyafanyia kazi, yametokana na miche 62.

Tukalala Ushongo.

Siku ya 8

Hakuna kilichofanyika. Tuliogelea, tukala pweza, tukalala mchana, shemeji alikua sawa kuhusu pwani kuwa mwisho.

Siku ya 9: Saadani na nyumbani

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu kupitia Mkwaja hadi Saadani. Njia inapita ndani ya hifadhi kwahiyo lazima ulipie getini, uliza kabla mnalipaje ili msikwame pale mtandao ukikata. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayogusana na bahari, tuliona twiga watano, ngiri, kuro, na nyayo za tembo kwenye tope karibu kabisa na pwani, binti aliweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja ukapotea wote. Wenyeji walitushauri tutokee Mkange na Miono hadi Mandera kwenye lami, vumbi jekundu mwanzo mwisho, lakini inapitika.

Jumla tumetembea kilomita 1,100 na kidogo, mafuta kama lita 115, pancha hakuna. Saa kumi na dakika ishirini tumepaki nyumbani. Mke wangu aliandika hiyo saa kwenye daftari kabla hata hatujashusha mabegi, alafu akafungua ukurasa mpya akaandika Desemba, na chini yake Same, na mbele ya Same akaweka alama ya kukata kulia, kwenda milima ya Upare.